Barua ya Wazi kwa Wanaonunua na Wanaounda Helikopta za Jeshi: Mnahesabu Helikopta, Hamhesabu Giaboksi

Kwenu Waheshimiwa Mawaziri wa Ulinzi, Makamanda mnaosimamia manunuzi, na Wakurugenzi wa viwanda vya helikopta, popote mlipo,

Salaam na heshima zote.

YAH: UWEZO WA VIWANDA VYA HELIKOPTA KUKIDHI MAHITAJI YA MAJESHI

Mimi ni fundi wa helikopta mstaafu, kazi yangu yote nimeifanyia ndani ya hanga mikono ikinuka oili. Sitaji jeshi nililotumikia wala kampuni tuliyokuwa tunanunua kwao, maana shida ninayoileta sio ya jeshi moja. Haya yote nilishayaandika kwa njia za kawaida, nikapitisha kwa wakubwa wangu, nikapeleka kwa watu wa manunuzi, nikamkabidhi hadi mwakilishi wa kiwanda mkononi, na majibu mnayajua kwa sababu ni nyie mnaoyaandika: "suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi". Limefanyiwa kazi mpaka nimestaafu. Basi sasa nalileta hadharani, mnisamehe kama kuna mahali nitapandisha sauti.

Lalamiko langu ni moja, mengine yote yanatoka humo. Kila mkisimama mbele ya kamera mnatangaza idadi. Australia imeagiza Black Hawk 40, Ujerumani imeagiza Chinook 60, Poland imesaini Apache 96, makofi, picha, kalamu nzuri. Hakuna anayeuliza ngapi kati ya hizo zitaruka Jumatatu asubuhi miaka kumi baadae, na kiwanda kina giaboksi ngapi za akiba siku vita ikianza. Kwenye karatasi uwezo wa kiwanda ni mabodi mangapi yanatoka getini kwa mwaka. Kwenye hanga uwezo ni kile kifaa kimoja ambacho hakipo.

Na hili sio jambo la mafundi kulialia. Mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati ule, Robert Gates, aliagiza majeruhi wa Afghanistan wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60. Utafiti uliotoka 2015 ulionyesha muda wa kati wa kumfikisha majeruhi ulishuka kutoka dakika 90 hadi 43, na vifo vikapungua. Agizo peke yake lisingefanya kitu, ziliongezwa helikopta na hospitali zikasogezwa mbele. Kwahiyo tunapoongelea helikopta iliyolala kwa kukosa beringi tunaongelea dakika za mtu anayevuja damu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Giaboksi haina njia ya mkato

Nianze na hii maana ndo mzizi. Injini ya Black Hawk inazunguka karibu mara 20,900 kwa dakika pale inapotolea nguvu, wakati mapanga ya juu yanatakiwa yazunguke mara 258 tu. Kinachokaa katikati kupunguza huo mzunguko wote, huku kikiwa kimebeba helikopta na waliomo ndani yake, ni giaboksi kuu. Injini zipo mbili, ikizima moja utafika nyumbani. Giaboksi kuu ni moja.

Ndo maana gia zake zinatengenezwa kwa chuma maalumu kinachoyeyushwa bila hewa ili kisibaki na uchafu ndani, kinafuliwa, kinaingizwa tanuruni ili kiwe kigumu juu kibaki na unyumbufu katikati, kinasagwa kwa vipimo ambavyo jicho halioni, alafu kila gia inakaguliwa peke yake. Wanaoweza kazi hii duniani ni wachache na hawahudumii helikopta tu, foleni yao imejaa watu wa ndege za abiria na injini za kila aina. Ukiwapigia leo ukawaambia nataka mara mbili, watakujibu vizuri sana, alafu watakuandika mwisho wa foleni.

Na giaboksi ikifeli mnajua kinachotokea? Aprili 2009 helikopta ya familia ya Super Puma ilianguka nje ya pwani ya Scotland wakafa 16, giaboksi. Aprili 2016 nyingine ya familia hiyohiyo ikaanguka karibu na kisiwa cha Turøy, Norway, wakafa 13, ufa wa uchovu wa chuma ulianzia kwenye gia moja ndogo ndani ya giaboksi na mapanga yote ya juu yakang'oka hewani. Hizo zilikuwa za kiraia, zikibeba wafanyakazi wa visima vya mafuta, ila ndugu zake wapo jeshini. Novemba 2023 Osprey ya jeshi la anga la Marekani ikaanguka karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, wakafa 8, gia tena, na Osprey zote zikasimamishwa kuruka hadi Machi 2024 (najua Osprey sio helikopta kamili, inapaa kama helikopta alafu inaruka kama ndege, lakini giaboksi yake inateseka vilevile). Sidai ajali hizi zilitokana na haraka. Nasema hiki ni kifaa ambacho hata kikitengenezwa kwa utulivu bado kinaweza kuua, sasa nyie mnakuja na hotuba za "tutaongeza kasi ya uzalishaji". Kasi ya nini? Kuunganisha bodi mnaweza, ajirini watu, wekeni shifti tatu. Gia ya miezi mingi itabaki ya miezi mingi.

2. Kuchinja helikopta moja ili mbili ziruke

Ingieni kwenye hanga bila kutoa taarifa. Mtaikuta, iko kona ya mwisho, imefunikwa turubai, mlango mmoja hauna, waya zinaning'inia pale zilipokuwa saa za rubani, kwenye mkia giaboksi ndogo imeshatolewa na tundu limezibwa kwa nailoni na gundi ya karatasi. Kwenye ripoti inayokuja mezani kwenu imeandikwa "inasubiri spea". Kumbe yenyewe ndo stoo ya spea. Tumeichinja.

Watu wa ofisini wanadhani kuchinja ni ujanja wa kuokoa hela. Hesabuni kazi yake: pampu ya haidroliki naifungua kwenye A, naifunga kwenye B, miezi ikipita spea ikaja naifunga kwenye A, kazi ya mara moja imekuwa zaidi ya mara mbili, na kila nikifungua naweza kuharibu sili, naweza kula uzi wa bolti. Alafu kuna makaratasi. Kifaa cha helikopta kina masaa yake, kikifika hapo kinatolewa hata kama kinang'aa, kwahiyo kikihama kutoka helikopta moja kwenda nyingine historia yake lazima ihame nacho neno kwa neno. Siku mtu aliyechoka akiandika namba vibaya kwenye ile kadi, kuna rubani atakuwa anarukia kifaa kilichopitiliza bila kujua, na hakuna taa itakayowaka kumwambia.

Bado mnaihesabu ile ya kona. Kwenye majedwali yenu nayo ni helikopta.

3. Oda za kwikwi

Hapa nasema na serikali. Mnaagiza kwa pupa, mnanyamaza miaka, mnaagiza tena kwa pupa, alafu mnashangaa kiwanda hakina watu.

Angalieni Marekani kwenye jambo moja tu, helikopta ya upelelezi. Comanche ilifutwa Februari 2004 baada ya kula karibu dola bilioni 7, zikiwa zimeruka mbili tu za majaribio. Ikaja Arapaho, ikafutwa Oktoba 2008. Ile ya zamani, Kiowa, wakaistaafisha 2017 bila mrithi. Ukaja mpango mwingine, FARA, ukafutwa Februari 2024 baada ya zaidi ya dola bilioni 2. Miaka ishirini, mabilioni yote hayo, helikopta mpya ya upelelezi iliyoingia kazini: hakuna. Na hao ndo wenye bajeti nene kuliko wote, sasa nyie wengine mnaojifunza kutoka kwao mnajifunza nini?

Kila mradi unapofutwa hamuoni watu wanaoondoka. Mchora gia ameenda kuchora gia za mitambo ya upepo, yule mama aliyekuwa anakagua ufa kwa mionzi amehamia kwenye injini za ndege za abiria, kiwanda kidogo cha kufua chuma kilichochukua mkopo wa mashine kwa ajili yenu kimefilisika. Mkirudi baada ya miaka mitano mnakuta simu haipokelewi.

Na inawezekana kufanya vizuri, maana haohao Wamarekani kwa Black Hawk wanasaini mikataba ya miaka mitano mitano. Ule wa Juni 2022 ulikuwa wa helikopta 120 na nafasi ya kuongeza hadi 255. Ukiwa na karatasi kama ile mwenye kiwanda cha beringi anaenda benki, anakopa, ananunua mashine, anafundisha vijana. Bila hiyo karatasi anawauzia wengine, na mimi simlaumu.

4. Mlango mmoja wa kutokea

Helikopta ya Kirusi Mi-8 na ndugu yake Mi-17 zimeundwa zaidi ya 12,000, zipo karibu kila bara, majeshi mengi yasiyo na hela ya mambo makubwa yanaishi kwa hiyo. Bodi inaundwa Urusi, Kazan na Ulan-Ude. Injini yake kwa miaka mingi ilikuwa inatoka zaidi kiwanda cha Motor Sich, mji wa Zaporizhzhia, Ukraine. Wakati wa Usovieti ilikuwa nchi moja hakuna aliyewaza. 2014 Ukraine ikakata ushirikiano wa kijeshi, Urusi ikabidi ihangaike kuongeza uzalishaji wa injini kwenye kiwanda cha Klimov kule St. Petersburg. 2022 vita kamili, Motor Sich imechukuliwa na serikali ya Ukraine na mji wenyewe uko karibu na mstari wa mapigano. Sasa jeshi lililoko mbali kabisa na ugomvi huo, lisilo na upande, linajikuta injini zake zinatakiwa kufanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa zote na kutengenezwa upya, na milango yote miwili ina matatizo, mmoja vita mwingine vikwazo. Nani alikaa akaliwaza hili wakati wa kununua? Bei ilikuwa nzuri, wakasaini.

Msidhani ni tatizo la Mashariki tu. 2018 jeshi la nchi kavu la Marekani liligoma kupokea Apache mpya kutoka Boeing kwa sababu ya nati. Nati, waheshimiwa! Inashikilia mapanga ya juu, ikawa inaliwa na hali ya hewa ya pwani kabla ya wakati wake. Miezi kadhaa helikopta mpya hazipokelewi mpaka ile nati ikasanifiwa upya. India nayo, Januari 2025, helikopta ya Dhruv ya walinzi wa pwani ikaanguka Porbandar na Dhruv zote nchini, zaidi ya 300, zikasimamishwa kuruka, maana ukiwa na aina moja kila kikosi basi ugonjwa wa mmoja ni wa wote.

Na hata wauzaji wenyewe wanapungua. Uingereza ilitangaza tenda ya helikopta za ukubwa wa kati kuchukua nafasi ya helikopta zake za Puma, Agosti 2024 kampuni za Airbus na Lockheed Martin zikajitoa, ikabaki kampuni ya Leonardo peke yake mezani. Puma zikastaafu Machi 2025. Ukibaki na muuzaji mmoja hiyo sio tenda tena, ni kuomba.

5. Kila mmoja anataka ya kwake

Hii imeua zaidi kuliko mnavyokiri. NH90 ilipangwa iwe helikopta ya Ulaya, moja kwa wote, alafu kila nchi ikaja na orodha yake mpaka zikawa aina zaidi ya 20. Norway iliagiza 14 mwaka 2001, zote zilitakiwa ziwe zimefika ifikapo mwisho wa 2008. Juni 2022 wanavunja mkataba walikuwa wamepokea nane tu zilizokamilika kwa kazi iliyokusudiwa. Walihitaji masaa 3,900 ya kuruka kwa mwaka, walikuwa wanapata karibu 700. Tafakarini hiyo namba kama rubani anayetakiwa kufanya mazoezi ya uokoaji baharini usiku.

Uingereza wao waliagiza Chinook nane za kipekee, Mk3, kwa vikosi maalumu. Zikafika 2001, karibu pauni milioni 259, programu za kompyuta zikashindikana kuthibitishwa kwamba ni salama, zikawekwa kwenye mahanga yenye hewa iliyodhibitiwa miaka na miaka wakati askari wa nchi hiyohiyo kule Helmand, Afghanistan, wanapita barabara zenye mabomu kwa kukosa helikopta. Mwisho wakazishusha ziwe karibu na zile za kawaida. Yaani walilipa zaidi kupata kisichoruka, wakalipa tena kukirudisha kiwe kama cha jirani.

Afisa anayeandika mahitaji sijui anaogopa nini akinunua kilekile ambacho mwenzake anacho.

6. Vitabu na kompyuta vimefungwa

Fupi. Nina kifaa kimeharibika, najua kinavyotengenezeka, nimeshakitengeneza kwa macho yangu mbele ya mhandisi wa kiwanda, lakini mkataba unasema kiende kiwandani, nje ya nchi, kwenye boksi, kikae huko kirudi na bili. Michoro hatuna, ruhusa hatuna, kile kidude cha kusoma kompyuta ya injini kinataka leseni mpya kila mwaka. Hiki kinaitwa huduma baada ya mauzo. Wakurugenzi wa viwanda, nawaheshimu, mnajenga mashine nzuri ajabu, ila hapa mnatukamua, na siku ya vita hilo boksi halitasafiri.

Nawajua mtakavyojibu kwahiyo niwarahisishie.

Mtasema droni zinakuja, helikopta zimepitwa. Japani yenyewe mwishoni mwa 2022 ilitangaza kuachana na helikopta za mashambulizi na kuweka droni, na sibishani nao, Ukraine tumeona helikopta za mashambulizi za Urusi, Ka-52, zilivyodunguliwa kwa makumi. Lakini droni ikambebe majeruhi wanne na nesi mlimani usiku? Ipo siku labda. Leo haipo, na leo ndo tunayoiongelea. Tena zile zinazodunguliwa ndo sababu ya kuuliza uwezo wa viwanda: Vietnam Marekani ilipeleka karibu helikopta 12,000 ikapoteza zaidi ya 5,000, na iliweza kwa sababu helikopta yake ya Huey ilikuwa inamiminika kutoka kiwandani, zimeundwa zaidi ya 16,000. Niambieni leo kiwanda kipi duniani kitaziba pengo kama lile.

Mtasema ni Corona, ni vita, ni mnyororo wa ugavi. Kweli vimeumiza. Chinook Mk3 zilifungiwa hangani kabla ya hayo yote, Comanche ilifutwa kabla ya hayo yote.

Mtasema idadi ya zinazoruka ni siri ya kijeshi. Adui mwenye setelaiti anaiona helikopta yenu haijasogea tangu mwaka jana. Anayefichwa ni mlipakodi.

Mtasema hela hakuna. Hapa nakubali nusu. Ila spea haikatwi bajeti kwa sababu ni ghali, inakatwa kwa sababu hakuna waziri anayepiga picha na boksi la beringi.

Ninachoomba ni hiki:

a) Kila mkataba mpya wa helikopta ubebe ndani yake spea za miaka isiyopungua mitano, giaboksi kuu na mapanga yakiwa ya kwanza kwenye orodha, na zilipwe siku ileile ya kulipa helikopta. Ziwekwe kwenye stoo yenu, sio stoo ya kiwanda.

b) Oda ziwe za miaka mingi na za mwendo mmoja, hata zikiwa ndogo. Kumi kila mwaka ni bora kuliko hamsini leo na sifuri miaka sita. Majirani wenye mahitaji yanayofanana waagize pamoja, kitu kilekile, bila kila mmoja kuongeza vikorombwezo vyake.

c) Kwa kila kifaa kinachoweza kusimamisha helikopta zote, kiwanda kioneshe mtengenezaji wa pili. Kama hayupo, mnunuzi ajue kabla ya kusaini na wote wawili waseme nani atalipa kumpata.

d) Michoro na ruhusa za matengenezo ya kawaida viwe sehemu ya bei. Marekani mwaka 2025 wizara ya ulinzi iliagiza jeshi lake la nchi kavu liweke haki hiyo ya kutengeneza kwenye mikataba, kwahiyo msiniambie haiwezekani.

e) Mafundi. Kumfundisha fundi akaachwa peke yake na giaboksi inachukua miaka, na anaondoka kwa barua moja ya kampuni ya kiraia inayomlipa vizuri. Mlipeni, au mkubali kwamba mnafundisha kwa ajili ya wengine.

f) Kila mwaka, kabla bajeti haijasomwa, litoke jedwali la ukurasa mmoja: helikopta tulizonazo, zinazoruka, zinazosubiri spea, na spea gani. Iliyochinjwa iandikwe imechinjwa.

Nikichagua moja naanza na (f), haina gharama yoyote na mnaweza kuitoa wiki ijayo. Sihitaji barua ya kuniambia limepokelewa.

Wenu kwa heshima,

Fundi mstaafu wa helikopta

Nakala:
Kamati za bunge za ulinzi
Wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali
Marubani wote, ambao mnaruhusiwa kuja kuuliza hangani ile ya kona ni ya nini